Asili ya Majina ya Nambari katika Lugha za Kikelti

Wanaisimu wa kihistoria wamezoea kuyatumia majina ya nambari kama ithibati ya udugu wa lugha. Makala haya yanashikilia kwamba ithibati hiyo haina budi kupimwa kwa makini, na kwamba lugha za Kikelti zinatufunza kutenga asili ya neno na asili ya mtindo wa kuhesabu.

Kufanana kwa majina pekee hakutoshi. Kiswahili chenyewe kina 'tano' ya Kibantu na 'sita' ya Kiarabu, wala hakiwi lugha ya Kisemiti kwa sababu hiyo. Kinachothibitisha udugu ni utaratibu wa sauti. Nne na tano katika Kiayalandi ni ceathair na cúig; katika Kiwelshi ni pedwar na pump, na katika Kibretoni pevar na pemp. Palipo na /k/ upande mmoja pana /p/ upande wa pili, na hali ni hiyo hiyo nje ya nambari: 'kichwa' ni ceann kwa Kiayalandi na pen kwa Kiwelshi. Sauti zote mbili zimetokana na *kw ya Kikelti mame. Wafinyanzi wa La Graufesenque, kusini mwa Ufaransa, walioorodhesha vyombo vyao kwa Kigauli katika karne ya kwanza B.K., waliandika pinpetos, 'wa tano'. Nao basi walikuwa upande wa /p/.

Mtindo wa kuhesabu ni jambo jingine. Kiwelshi cha jadi huita arubaini deugain, yaani 'ishirini mbili', na themanini pedwar ugain, 'ishirini nne'. Wako waliouona mtindo huu kuwa urithi wa kale wa Wakelti wote, hata wakaifanya quatre-vingts ya Kifaransa kuwa masalio ya Kigauli. Hata hivyo, Kiayalandi cha Kale kilihesabu kwa makumi: arubaini ilikuwa cethracha, neno lililojengwa juu ya 'nne'. Daichead ya leo, yenye maana ya 'ishirini mbili', ilikuja baadaye.

Ni dhahiri, basi, kwamba viungo vya neno deugain ni vya kale sana, lakini ukale wa viungo hauthibitishi ukale wa muungano wao. Maneno yapimwe kwa kanuni za sauti; mtindo wa kuhesabu upimwe kwa ushahidi wa maandishi.