George Frideric Handel na Urithi Wake: Usomaji wa Kihistoria kutoka Ufuo wa Ziwa Tanganyika

Insha hii inajadili maisha na urithi wa George Frideric Handel, mtunzi wa muziki wa enzi ya Baroko. Wimbo wake wa Haleluya, ujulikanao kwa wanakwaya wa Tanzania kama Aleluya Kuu, huimbwa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba urithi wa mtunzi huyu hauna budi kuchunguzwa katika nota zake na katika daftari zake za fedha kwa pamoja.

Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, tarehe 23 Februari 1685. Baada ya kufanya kazi Hamburg na Italia, alihamia London, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1727. Oratorio yake ya Messiah aliitunga kwa takribani siku 24 mwaka 1741, nayo ikaimbwa hadharani Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Mapato ya onyesho hilo yaliwakomboa wafungwa 142 wa madeni na kusaidia hospitali mbili.

Hata hivyo, kufikia mwaka 1716 Handel alikuwa na hisa katika South Sea Company, kampuni iliyokuwa na mkataba wa kupeleka watumwa Waafrika katika makoloni ya Hispania huko Amerika. Kwa hiyo, mtunzi ambaye kazi yake ilifungulia wadeni milango ya gereza aliwahi kuweka akiba yake katika biashara ya kuwatia wengine utumwani.

Ukinzani huo una uzito wa pekee kwa msomaji wa Mwamgongo. Kusini mwa kijiji hicho ndipo ilipo Ujiji, ilikoishia njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora katika karne ya 19. Biashara hizi mbili zisichanganywe: ile ya kampuni ya London ilivuka Atlantiki karne moja kabla, ilhali ya Ujiji ilielekea Zanzibar na Bahari ya Hindi. Handel hakufaidika na misafara ya Ujiji.

Kinacholinganishwa hapa ni namna ya kukumbuka. Tangu mwaka 2006, njia hiyo ya misafara imo katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Miembe ya Ujiji inatunzwa bila kufichwa habari za waliopita chini ya kivuli chake wakiwa minyororoni. Aleluya Kuu nayo inastahili kutunzwa vivyo hivyo: iendelee kuimbwa, na historia ya fedha za mtunzi wake ifundishwe pamoja nayo.