Geti la Vichwa na Meno

Bab Zuweila nimeiona kwenye simu tu, lakini naifikiria kuliko mageti mengi niliyopita kwa miguu. Ni lango la kusini la Kairo ya zamani, lililojengwa 1092 na Badr al-Jamali, waziri wa makhalifa wa Fatimiya mwenye asili ya Armenia. Ukuta wa kwanza wa mji ulikuwa wa matofali ya udongo. Yeye akaleta mawe. Minara miwili minene ya mviringo inabana njia huku na huku, chini imejaa mawe matupu ili adui asiitoboe. Katikati kuna tao, na kila anayeingia lazima apite chini yake.

Kila lango lina swali moja: nani apite? Mwaka 1260 Wamongolia walituma wajumbe na barua ya vitisho. Sultani Qutuz akawaua, vichwa vikatundikwa hapo. Waottomani walipoiteka Misri 1517, Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Mamluki, alinyongwa hapo hapo.

Ila aliyenishika zaidi ni mfungwa mmoja. Kando ya lango palikuwa na jela, na al-Mu'ayyad Shaykh aliteswa humo na chawa na viroboto. Akaapa: nikipata madaraka, naibomoa, najenga msikiti. Alikuwa sultani 1412, na 1415 ujenzi ukaanza. Minara miwili ya adhana akaisimamisha juu ya minara ya lango lenyewe.

Mimi nilizuiwa kwenye geti la chuo wiki ya mitihani, karo haijaisha. Soja aliniambia kwa upole, "Pole, boss, si mimi." Nami niliapa: nitarudi, mtaniona. Sikurudi. Wengi wetu hatuwi masultani.

Ndiyo maana nawapenda zaidi watu wa kawaida wa Kairo waliokuja baadaye. Waliamini kuna walii anayekaa langoni. Mwenye maumivu ya jino alipigilia jino lake mlangoni. Mgonjwa alifunga kitambaa, akaomba nafuu. Hawakulibomoa wala kulimiliki. Mahali pa kunyongea watu wakapafanya mahali pa kuomba.

Siku hizi matatu ikipita mbele ya chuo, bado naliangalia lile geti. Jino sina. Nimeandika hii.