Oman, Nchi Iliyojengwa na Mifereji

Historia ya Oman tumezoea kuisimulia kwa bahari: majahazi, karafuu, Maskati na Unguja. Naona yafaa kuanzia ndani, kwenye milima ya Hajar. Mvua kidogo inayonyesha huko juu huzama miambani, na tangu kale watu wameifuata chini ya ardhi kwa mifereji iitwayo aflaj. Maji hutelemka taratibu, pengine kilomita nyingi, bila pampu, hadi mitendeni. Mifereji ipatayo 3,000 ingali hai, na mwaka 2006 UNESCO iliingiza mitano katika Urithi wa Dunia. Wenyeji husimulia kwamba iliyo mikongwe ilichimbwa na majini wa Nabii Suleiman. Maji hugawanywa kwa zamu, ambazo kijadi zilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Fungu la maji huuzwa, hurithiwa, hata huwekwa wakfu kwa msikiti.

Dola nayo ilichipuka huko milimani. Ukoo wa Ya'ariba ulishika uimamu mwaka 1624 huko Rustaq, chini ya milima hiyo. Imamu Sultan bin Saif, aliyejenga ngome ya mviringo ya Nizwa, aliwang'oa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe Saif aliiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, na huko kwao akafufua mifereji na kupanda mitende. Mali ya baharini ilirudi shambani.

Ukishuka eneo la Sharqiya, mitende inakoma na mchanga wa Wahiba unaanza. Watu wa koo nyingi za mji wa Ibra, huko Sharqiya, walihamia Unguja na bara ya Afrika Mashariki. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walirudi, na Kiswahili wakarudi nacho.

Kusini-magharibi mwa nchi kuna Rub' al-Khali. Mwingereza Bertram Thomas alilivuka jangwa hilo kutoka Salalah hadi Doha mwaka 1930 na 1931. Sifa alipewa yeye, ilhali visima alivijua Sheikh Salih bin Kalut wa kabila la Rashid. Kwangu, safari hiyo ni ya Salih kwanza.

Mwaka 1970, Qaboos aliposhika usultani, barabara ya lami nchini ilikuwa yapata kilomita 10 tu. Leo gari hupanda Jabal Akhdar, na tangu 2021 barabara inakatiza Rub' al-Khali hadi Saudia. Lakini visima vya pampu vimeshusha maji ya ardhini, na mifereji mingi imekauka. Serikali inaikarabati, ila kuisafisha na kusimamia zamu ni kazi ya wanakijiji, na vijana wengi wamekwenda kutafuta ajira Maskati.