Malampaka: Stesheni Ndogo ya Reli ya Mwanza

Kabla ya 1928, pamba ya Usukumani ilipakiwa melini Mwanza, ikavuka Ziwa Viktoria hadi Kisumu, kisha ikapanda treni kwenda Mombasa. Bandari ya Dar es Salaam haikunufaika sana. Reli ya Kati ya Wajerumani ilikuwa imeshafika Kigoma tangu 1914, lakini Shinyanga yote ilibaki kando. Waingereza ndio walioichepusha reli kutoka Tabora, ikapita Isaka, Shinyanga, Seke na Malampaka, na mwaka 1928 ikafika Mwanza.

Malampaka leo iko wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Mpaka mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012 ilihesabiwa Shinyanga. Barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza haifiki hapa. Mwenye robota za pamba, magunia ya mpunga au mgonjwa wa kupeleka Mwanza aliitegemea treni.

Reli hii ina njia moja tu. Treni mbili zikikutana, lazima moja iingie pembeni stesheni na kuisubiri nyingine ipite. Stesheni masta hakuiruhusu treni kuondoka mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele amthibitishie kuwa njia ni nyeupe, na kazi hiyo aliifanya usiku wa manane kama mchana, hata kama hakuna abiria anayeshuka. Kwa maoni yangu stesheni masta hawa hawajapewa heshima yao. Tunawakumbuka mawaziri waliozindua reli, tunawasahau waliozuia treni zisigongane.

Treni ya abiria ikisimama katika stesheni hizi ndogo, anayeshuka anakanyaga kokoto. Madirishani mabeseni yanainuliwa: michembe ya viazi vitamu, kuku wa kuchemsha, karanga. Biashara yote hiyo inamalizika kabla honi haijalia, na chenji mara nyingine inarushwa treni ikiwa imeshaanza kutembea.

Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika, Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania (TRC). Kuanzia 2007 uendeshaji ulikabidhiwa Kampuni ya Reli Tanzania (TRL), ubia wa serikali na kampuni ya RITES ya India. Ubia huo ukafa 2011. Malori yalikuwa yameshachukua mzigo mwingi, na treni zikapungua. Stesheni isiyopitiwa na treni haihitaji mhudumu.

Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Ni habari njema. Lakini 2028 reli ya zamani inatimiza miaka 100. Wastaafu wa reli wa Malampaka, Seke na Isaka wenye picha, vitabu vya tiketi au daftari za stesheni wasiviache viliwe na mchwa. Shirika la reli nalo liwatafute sasa, wakingali hai.