Hesabu Iliyomo Ndani ya Kitenzi: Mifano kutoka Mara

Shuleni somo la umoja na wingi huanza na nomino: mtu, watu, kiti, viti. Kitenzi huja nyuma kikiitikia tu: mtu amefika, watu wamefika. Makala haya yanapinga mgawanyo huo. Nadai kwamba mzizi wa kitenzi una hesabu yake, na kwamba hesabu hiyo haiafikiani kila mara na kiambishi cha mtenda.

Tuanzie mwaloni Mwigobero, Musoma. Neno dagaa halibadiliki, awe mmoja au ndoo nzima. Dagaa ameanikwa ni sentensi halali, ingawa nani huanika dagaa mmoja? Lakini dagaa amerundikana haisemeki. Kurundikana kunadai wengi, sawa na kutawanyika na kusongamana. Anayedhani kwamba dai hilo ni la kiambishi wa- atazame malishoni Bunda: ng'ombe ametawanyika ni kosa, ila kundi limetawanyika ni sahihi kabisa, japo li- ni ya umoja. Kitenzi kinatafuta wingi wa vitu vyenyewe, na kikiupata ndani ya nomino ya umoja kinaridhika.

Mgogoro mkubwa uko kwenye kauli ya kutendana, yenye kiambishi -an- ambacho Kiswahili kimerithi pamoja na jamaa zake wa Kibantu, Kijita na Kizanaki wakiwemo. Msafiri anarudi nyumbani Butiama, anasema: "Tulikutana na shangazi stendi ya Bunda." Walikuwa wangapi? Huenda yeye na nduguze walikutana na shangazi. Huenda pia alisafiri peke yake, na tu- imekwisha kumhesabu shangazi humo humo. Walimu wengi, nami nikiwemo kwa miaka mingi, huyapitishia matumizi haya ya pili kalamu nyekundu na kuandika nilikutana. Tulikosea. Kukutana kuna washiriki wawili au zaidi kwa maana yake. Asemaye tu- anahesabu washiriki wa tukio, asemaye ni- anamhesabu yule tu aliyemweka mbele ya habari. Mtu atauliza, mbona hata tulikwenda na Juma husemwa juu ya watu wawili tu? Kweli, kwa kuwa na ya kuandamana nayo huongeza mtenda. Na ya kifaa haina uwezo huo: hakuna anayesema tulilima na jembe akijihesabu yeye na jembe lake.

Si kila -an- inayohesabu. Mwanafunzi amekazana haihitaji mwenzake. Wingi umeshachujuka humo, umebaki mkazo.

Kuna pia vitenzi vinavyohesabu matukio. Alikata nyama na alikatakata nyama vina mtenda mmoja na nyama moja; kilichoongezeka ni idadi ya mikato, na hakuna kiambishi cha ngeli kinachoionyesha. Ng'ambo ya Serengeti, Kimaasai kimekwenda mbali zaidi: akienda mmoja ni elo, wakienda wengi ni epuo, mizizi miwili tofauti kwa kitendo kimoja.

Kamusi zetu huonyesha wingi wa kila nomino, na kitenzi huishia kuambiwa kama ni elekezi au si elekezi. Wanaozihariri waongeze alama moja: kitenzi hiki kinahitaji wangapi.