Taa za Mbele Zinazofuata Kona

Taa zinazofuata kona ni taa za mbele za gari zenye uwezo wa kugeuza mwanga wake kushoto au kulia kadiri dereva anavyokata usukani. Taa ya kawaida imefungwa kwenye bodi na ina mwelekeo mmoja tu, ule wa pua ya gari. Barabara ikinyooka, hilo halina ubaya. Kwenye kona, pua ya gari hutazama nje ya barabara, ukutani au korongoni, na mwanga huenda huko huko.

Ukubwa wa tatizo unapimika. Chukua kona yenye nusukipenyo cha mita 100, na gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Kipande cha barabara kilicho mita 40 mbele, ambacho gari litakifikia chini kidogo ya sekunde 3, kiko mita 8 pembeni mwa mstari ulionyooka kutoka kwenye taa. Njia moja ya barabara kuu huwa na upana wa mita 3 na nusu hivi. Maana yake, kitovu cha mwanga kimeshatoka barabarani kabisa, na mtembea kwa miguu au mwenye baiskeli isiyo na taa anamulikwa na mabaki dhaifu ya pembeni. Ukigeuza taa nyuzi 11 na nusu tu, kitovu hicho kinarudi pale pale kinapohitajika. Teknolojia nzima imejengwa juu ya pembe hiyo ndogo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1935 kiwanda cha Tatra cha Chekoslovakia kilitoa modeli ya 77a yenye taa tatu mbele, ile ya katikati ikiwa imeungwa na usukani. Huko Chicago, mwaka 1948, Preston Tucker alitengeneza gari lililobeba jina lake na lenye taa ya tatu katikati ya pua, ambayo iligeuka pamoja na magurudumu. Magari ya Tucker yaliyokamilika yalikuwa 51 tu kabla kampuni haijafa.

Gari lililoifikisha taa hii kwa wanunuzi wengi ni Citroën DS ya Ufaransa. Mwaka 1967 pua yake ilichorwa upya na kupewa taa nne nyuma ya kioo. Zile mbili za nje ziliungwa na mfumo wa springi, hivyo gari lilipoinama wakati wa kufunga breki au kuinua pua wakati wa kuongeza kasi, taa zilijirekebisha zenyewe zisipande wala kushuka. Mbili za ndani, zenye mwanga wa mbali, zilivutwa na nyaya zilizotoka kwenye usukani, zikageuka mara moja dereva alipoanza kuzungusha. Hapakuwa na kompyuta wala sensa. Ni kazi ya ufundi inayostahili heshima, na bado ina wapenzi wake. Hata hivyo ilikuwa na mapungufu mawili. Waya ulijua magurudumu yamegeuka kiasi gani, lakini haukujua gari linakwenda kasi gani. Tena taa zilizogeuka zilikuwa za fulu, hivyo dereva alipopiga dimu ili asimpofushe anayekuja, msaada wa kwenye kona ulikatika. Marekani haikuzikubali kabisa: sheria zake za wakati ule zilidai taa zisizofunikwa kwa kioo na zisizogeuka, kwa hiyo DS zilizouzwa kule zilibadilishiwa taa.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, kanuni za magari za Umoja wa Mataifa ziliporuhusu taa ya dimu yenyewe igeuke. Kufikia 2003 watengenezaji kadhaa wa Ulaya na Japani walikuwa na magari ya namna hiyo sokoni, likiwamo Toyota Harrier la kizazi cha pili, ambalo leo linajulikana vizuri katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Kwa Toyota mfumo huo hutambulishwa kwa herufi AFS kwenye dashibodi.

Ndani ya taa ya namna hii, lenzi na balbu yake hazikufungwa moja kwa moja kwenye ganda. Zimebebwa na fremu inayozunguka juu ya ekseli fupi ya wima, na mota ndogo ya umeme huisukuma fremu hiyo kwa hatua fupi fupi kupitia gia. Mota ya aina hii huhesabu hatua zake lakini haikumbuki ilipoachwa. Ndiyo maana magari mengi yakiwashwa usiku mbele ya ukuta, mwanga huonekana ukishuka, ukipanda na kuyumba kidogo kabla ya kutulia: mota zinatafuta mwisho wa njia yao ili zianze kuhesabu upya.

Amri hutoka kwenye kompyuta inayosoma vitu vitatu. Sensa ya usukani hueleza dereva amekata kiasi gani. Sensa za magurudumu hueleza kasi. Sensa ya tatu hupima bodi ya gari inazunguka kwa haraka kiasi gani. Kwenye kona ile ya mita 100, gari la kawaida huhitaji usukani ukatwe nyuzi 25 hivi tu, na bodi huzunguka nyuzi 8 kila sekunde. Kompyuta ikishajua kasi na mzunguko, hukadiria kona ni kali kiasi gani, kisha hutafuta mahali gari litakapokuwa sekunde 2 au 3 baadaye na kuielekeza taa huko. Sensa ya mzunguko ina kazi ya pekee kwenye tope: usukani unaweza kuwa umekatwa huku gari likiteleza moja kwa moja, na hapo kuutegemea usukani peke yake ni kujidanganya. Mitikisiko midogo ya mikono hupuuzwa, vinginevyo mwanga ungechezacheza barabarani na kumchosha dereva.

Taa mbili hazigeuki sawa. Katika mifumo mingi taa ya upande wa ndani wa kona hufika hadi nyuzi 15, na ile ya nje hugeuka karibu nusu ya hapo, ili pabaki mwanga unaolinda mbele. Gari likirudi nyuma, hazigeuki. Kwenye kona za mjini, ambako gari hukata mwendo mdogo kuingia mtaa wa pembeni, nyuzi 15 hazisaidii sana. Kwa hiyo watengenezaji wengi huongeza balbu ya pembeni isiyosogea, inayowaka dereva anapowasha indiketa au kukata usukani sana.

Udhaifu mkubwa wa mfumo ni kwamba unamfuata dereva. Taa haiijui kona mpaka usukani uanze kukatwa, na mahali ambapo jicho lina kiu ya mwanga kuliko pote ni mlangoni mwa kona, kabla ya kukata. Katika barabara kama ile ya kupanda Lushoto kutoka Mombo, ambako kona moja haijaisha nyingine imeanza, taa hulazimika kupita katikati kwenda upande wa pili huku gari likiwa tayari linaingia. Ndiyo sababu baadhi ya magari yalianza kusoma ramani ya GPS na kugeuza mwanga kabla ya usukani.

Audi A8 ya 2013 ilionyesha njia nyingine. Taa yake ina LED nyingi ndogo zinazowashwa na kuzimwa moja moja, na mwanga huhamia kando bila kitu chochote kusogea. Mota na ekseli zinakuwa hazina kazi tena. Marekani iliruhusu taa za fulu zinazojipanga kwa namna hiyo mwaka 2022.

Faida zake zimeonekana. Takwimu za bima za Marekani zilizotolewa mwaka 2012 zilionyesha kuwa katika baadhi ya chapa, magari yenye taa zinazogeuka yalikuwa na madai ya kuharibu mali za wengine pungufu kwa asilimia 10 hivi. Lakini IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, ilipoanza kupima taa kwenye kona mwaka 2016, gari kuwa na taa zinazogeuka hakukulihakikishia alama nzuri. Mwanga uliolengwa vibaya kiwandani hubaki vibaya hata ukigeuka.

Kwa Afrika Mashariki, ulengaji huo ndio jambo zito. Magari mengi huja yakiwa yametumika Japani, na kitaa cha AFS kinachomweka kwenye dashibodi ni kitu ambacho wamiliki wamekizoea mno. Mara nyingi taa zenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni sensa ya kimo, inayoueleza mfumo gari limeinama au kuinuka kiasi gani ili mwanga usipande wala kushuka: mkono mwembamba unaounganisha bodi na mfumo wa springi za nyuma. Unakaa chini ya gari, kwenye tope na mawe, na viungo vyake vya plastiki hukatika.

Kuinua gari kwa kuweka springi ndefu huleta hatari isiyoonekana kwa aliyeko ndani. Mfumo wenye sensa ya nyuma peke yake huona mkia umepanda, hudhani pua imeinama, kisha huinua mwanga kufidia, na anayekuja mbele anapigwa na dimu kali kama fulu. Burundi na mashariki mwa Kongo, ambako watu huendesha kulia huku magari mengi yakiwa na usukani wa kulia, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu dimu ya gari la Japani hupanda upande wa kushoto, ndiko wanakotokea wengine. Fundi anayebadilisha sensa au springi anatakiwa kuliweka gari tupu mahali tambarare na kuiambia kompyuta, kwa mashine ya kupimia, kwamba kimo hicho ndicho sifuri mpya, kisha alenge taa upya ukutani.