Pujini: Ngome ya Mkama Ndume na Bahari Iliyoilisha

Kilomita zipatazo 10 kusini mashariki ya mji wa Chake Chake, katika upande wa Pemba unaotazama bahari kuu, yako magofu ambayo wenyeji huyaita ngome ya Mkama Ndume. Mgeni anayeyafikia kwa mara ya kwanza huenda akavunjika moyo. Hatakuta kuta ndefu kama za Ngome ya Yesu ya Mombasa. Atakuta maboma ya udongo yaliyolala kama matuta makubwa, alama za handaki, mabaki ya kuta za mawe na chokaa, kisima, na ngazi inayoshuka kwenye chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Mbele yake ni mikoko, na nyuma ya mikoko ni bahari.

Kitabu cha kumbukumbu kama hiki, kinachotolewa na jumuiya ambayo wazee wake waliletwa visiwani na upepo wa kaskazi, ni mahali panapofaa kuizungumza Pujini. Tangu zamani wako waliodai kwamba majengo ya kale ya Pemba ni kazi ya mikono ya watu wa Bara Hindi. Dai hilo ni tamu masikioni mwa baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi, nami nitalijadili bila ya kulizunguka. Lakini adabu inataka tuanze na wenyeji wenyewe, na jinsi wanavyoihadithia ngome yao.

Jina la mwenye ngome ni hukumu tosha. Kukama ni kumtoa ng'ombe maziwa. Ndume ni dume, mwanamume. Mkama Ndume, basi, ni yule awakamaye wanaume, awatoaye nguvu zao hadi tone la mwisho. Mapokeo humtaja kwa jina la Muhammad bin Abdulrahman. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi vichwani huku wakisota kwa makalio, wala hawakuruhusiwa kusimama. Kuhusu kisima, husemwa kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa kwa ukuta: mmoja akiteka maji kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwenziwe akiyafuata chini kwa ngazi, ili wasionane uso kwa uso. Kama ukuta ule ulileta amani nyumbani, mapokeo hayasemi.

Wanahistoria wengi walitosheka na hadithi hii, wakamwacha mtu huyu kuwa jitu la kutishia watoto. Ndipo katika miaka ya mwisho ya 1980 na katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia alipofukua Pujini, akishirikiana na wataalamu wa Zanzibar. Kazi yake iliiweka ngome katika karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, na ikaonyesha kwamba mapokeo ya Wapemba hayastahili kutupwa wala kumezwa mazima. Ngome ipo, na ulinzi wake ni wa aina isiyo ya kawaida katika pwani hii. Miji mingi ya Waswahili ilikuwa na kuta za mji, lakini kasri moja lililozungushiwa maboma na handaki namna hii ni jambo la kipekee. Mwenye nyumba hii alikuwa na watu wa kuwaamuru, na alikuwa na hofu.

Hata hivyo, kitu kinachonivutia zaidi ya maboma ni kile kilichomo ndani ya chumba cha chini. Humo ukutani limefinyangwa kwa lipu umbo la siwa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa siwa ni nini. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Zilipulizwa mji ulipotawaza, ulipooza watoto wa wakubwa wake au ulipomzika mkubwa. Mtu aliyelichora umbo hilo ndani ya nyumba yake alikuwa akidai cheo kinachotambuliwa na ustaarabu mzima wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Jeuri asiyetaka kutambuliwa na yeyote hana haja ya siwa. Chumba kile wenyeji wamekiheshimu kama mahali pa mzimu, na heshima hiyo pengine ndiyo iliyokilinda kuliko sheria yoyote iliyoandikwa.

Sasa tuigeukie bahari, kwa sababu bila yake ngome haielezeki. Kutoka kwenye mikoko upo mfereji ambao maji yakijaa uliweza kupitisha vyombo vidogo hadi karibu na ukuta. Bandari kubwa za Pemba, yaani Chake Chake, Wete na Mkoani, zote ziko upande wa magharibi, ambako ghuba ni ndefu na maji yametulia. Pujini imegeukia upande mwingine. Hapa hapakuwa pa kutia nanga merikebu kubwa. Palikuwa pa vyombo vyepesi, vinavyojua kuvizia maji na kuingia kwa bamvua.

Vyombo hivyo tunavifahamu kutokana na maelezo ya Duarte Barbosa, karani Mreno aliyeandika habari za pwani hii kabla ya mwaka 1520. Alivitaja visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia pamoja. Alisema vyombo vya watu wake ni vidogo, vina mlingoti mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba na tanga zake ni za mikeka. Ni mitepe hiyo, au ndugu zake. Akasema visiwa vina vyakula tele, na kwamba watu wake huvivusha na kuviuza bara. Kisha akaongeza jambo linalotuhusu moja kwa moja: wafalme wa visiwa hivi waliishi kwa anasa, wakivaa nguo nzuri za hariri na pamba walizozinunua Mombasa kutoka kwa wafanyabiashara wa Khambhat, mji wa Gujarat ambao Wareno waliuita Cambay.

Hapo ndipo Pujini na India zinapokutana, na yafaa tupatazame vizuri. Barbosa hasemi kwamba Wagujarati walikuja Pemba kuuza nguo. Walikuja Mombasa. Wapemba walipakia mchele na vyakula vyao katika mitepe, wakavuka mkondo, wakauza, wakanunua kitambaa na kurudi nacho. Kwa maneno mengine, Wapemba ndio walioendesha sehemu yao ya biashara ya bahari hii, kwa vyombo vyao na kwa mavuno yao. Mfereji wa Pujini ni ushahidi wa kazi hiyo. Mtu hachimbi njia ya maji hadi mlangoni pake akisubiri meli ya mgeni ambayo haiwezi kupita humo.

Barbosa pia aliwaeleza watu wa visiwani kuwa ni dhaifu na wenye silaha chache. Anayeyatazama maboma ya Pujini atatabasamu. Ama karani hakupata habari za upande wa mashariki, ama ngome ilikwisha kuhamwa alipoandika.

Miaka michache kabla ya maelezo hayo, mwaka 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akakuta pale vyombo vinne vya kutoka India. Shajara ya safari yake inasimulia kwamba mabaharia wale walipoonyeshwa sanamu ya Bikira Maria melini walisujudu, na kwamba walipopita kwa mashua walikuwa wakipaza sauti jina ambalo Wareno walilisikia kuwa la Kristo. Wakawaandika kuwa ni Wakristo wa India. Shajara hiyohiyo inataja kwamba watu hao hawali nyama ya ng'ombe. Wataalamu wengi wanaona kwamba walikuwa Wahindu, na kwamba jina lililosikika lilikuwa la Krishna. Kama ndivyo, basi jina hilo lilisikika hadharani katika bandari ya Waswahili miaka mia tano na zaidi iliyopita, na wenyeji hawakushtuka, kwa sababu walikwisha kulizoea. Aliyeshtuka ni mgeni kutoka Ureno. Kutoka Malindi hiyohiyo da Gama alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Barros, mwandishi wa historia wa Ureno, anamwita Mwislamu wa Gujarat na kumtaja kwa cheo cha «malemo», ambalo ni neno letu maalim, kwani aliyejua nyota na pepo aliitwa mwalimu wa chombo. Huko Kachchh wako wanaomhesabu kuwa mtu wao, Kanji Malam wa Mandvi. Hivi ndivyo sifa za bahari zilivyo: kila bandari huzidai.

Na ndivyo ilivyotokea kwa majengo ya Pemba. Mapokeo ya visiwani na ya mrima yanawataja watu walioitwa Wadebuli, waliofika kabla ya Wareno, wakatawala kwa ukali na kujenga kwa mawe. W. H. Ingrams aliwaandika katika kitabu chake cha mwaka 1931, na baadaye Sir John Gray akawachambua. Jina lao lilihusishwa na Dabhol, bandari ya pwani ya magharibi ya India, au na Daybul ya Sindh. Wengine kabla yao, akiwemo Meja F. B. Pearce aliyeandika mwaka 1920, walitazama zaidi kuelekea Uajemi na Arabuni. Tofauti yao ni ndogo kuliko inavyoonekana, maana wote walianza na wazo moja: kwamba Mswahili peke yake hakuweza kujenga hivi.

Wazo hilo limeshindwa na udongo wenyewe. Kaskazini ya Pemba, Tumbe ulikuwa mji mkubwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na nyumba zake zilikuwa za miti na udongo. Jirani yake Chwaka ukaufuata, ukadumu hadi karne ya 16, nao ukajenga misikiti ya mawe. Mapokeo humtaja huko Haruni, wa ukoo wa Mkama Ndume. Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 zilipatikana zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari za dhahabu, ulikuwa na biashara yake karne nyingi kabla ya Pujini. Ujenzi wa mawe ulikua hapahapa, hatua kwa hatua. Matumbawe yalikatwa baharini yangali laini, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa ilichomwa kwa matumbawe hayohayo. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Fundi wa namna hii hakuhitaji kuletwa na kaskazi.

Kwa hiyo nasema wazi: Pujini si jengo la Wahindi, na jumuiya ya Wahindu haipungukiwi na kitu kwa kulikiri hilo. Sehemu yake katika historia ya bahari hii ni kubwa na imeandikwa. Nguo za Khambhat zilivaliwa na wafalme wa visiwani, na kotia za Kachchh zilipishana na mitepe.

Historia hiyo ina kurasa nzito pia, nazo zasomwa pamoja na nyingine. Katika karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kachchh, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika soko, na fedha za wakopeshaji wa Kihindi zilizunguka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa hadi utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Mara nyingine hujiuliza kama hadithi ya Mkama Ndume, ya watu waliokamuliwa nguvu na kusotishwa na mizigo, haikuchukua ukali wake wa sasa katika karne hiyo, vinywani mwa waliojua vema kukamuliwa maana yake. Ni dhana yangu tu, lakini wasimulizi husimulia ya kale kwa machungu waliyonayo.

Maisha ndani ya ngome yalikoma mapema katika karne ya 16, wakati uleule ambapo Wareno walikuwa wakidai kodi visiwani kwa mizinga. Pemba iliendelea kulima. Mchele wake ulilisha Mombasa kabla na baada ya Ngome ya Yesu kuanza kujengwa mwaka 1593, na ukavuka mkondo uleule uliovukwa na mitepe ya Pujini.

Udongo wa maboma huteremka kila masika, na mizizi hupasua chokaa bila ya kelele. Magofu ya namna hii hayahitaji kujengwa upya, na naomba asitokee mfadhili mwenye moyo mwema akayapaka saruji. Yanahitaji mkono wa kufyeka, mtunzaji anayelipwa, na mfereji usiofukiwa, kwani mfereji ukifukiwa ngome itabaki kuwa nyumba ya jeuri na kuacha kuwa bandari. Atakayekwenda Chake Chake aanzie kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya mji, kisha aende Pujini maji yakiwa yamejaa, asimame pale mikoko inapoachana.